Fundi wa Lipu na Mashine

Mzazi wa Heru Juu anayekusudia kumpeleka mwanawe kujifunza kazi ya uashi na lipu ana haki ya kuuliza swali moja kabla hajatoa ada: je, kazi hiyo itakuwapo bado siku kijana huyo atakapokuwa na nyumba yake mwenyewe na watoto wa kulisha? Swali hilo si la woga, wala si la kubeza kazi ya mikono. Habari za mashine zinazojenga, zinazopaka rangi na hata zinazoandika barua zimefika katika kila kijiji chenye redio na simu. Mwalimu na mtumishi wa serikali, ambao ndio huombwa ushauri vijijini, hawana budi kuwa na jibu lililopimwa. Kumtisha kijana bila sababu ni kosa. Kumfariji bila sababu ni kosa kubwa zaidi.

Ukweli wa kwanza ni kwamba mashine hizo si hadithi. Pampu za kurusha lipu ukutani zimetumika Ulaya kwa miongo mingi. Huko San Francisco, Marekani, kampuni ya Canvas, iliyoanzishwa mwaka 2017, ilitengeneza roboti la kupaka na kulainisha kuta za mbao za jipsamu. Wala mambo hayo hayakubaki ng'ambo. Mwaka 2021, katika wilaya ya Salima nchini Malawi, kampuni ya 14Trees ilisimamisha kuta za shule kwa mtambo unaomimina zege tabaka juu ya tabaka kwa kuongozwa na kompyuta, na kuta hizo zilikamilika kwa muda wa saa 18. Kampuni hiyo hiyo ikapeleka mtambo wa namna hiyo Kilifi, pwani ya Kenya, katika mradi wa nyumba wa Mvule Gardens. Aidha, mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walichunguza aina 702 za kazi nchini Marekani na kukadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za nchi hiyo zilikuwa katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na mashine.

Ukweli wa pili ni kwamba kutoka Salima hadi Heru Juu kuna safari ndefu kuliko inavyoonekana katika ramani. Roboti hupenda ukuta ulionyooka, sakafu iliyo sawa, umeme usiokatika na majengo mengi yaliyofanana mahali pamoja. Nyumba za nyanda za juu za Kasulu na Kibondo zimejengwa moja moja juu ya miteremko, kwa matofali yaliyofyatuliwa kwa mkono na kuchomwa katika tanuri la kuni. Matofali hayo hayalingani. Lililokuwa karibu na moto hupinda, na lililokuwa pembeni hubaki laini. Fundi anayepiga lipu juu ya ukuta wa namna hiyo hafanyi jambo moja mara elfu. Hutazama kila pima ya ukuta, huamua mahali pa kuongeza na mahali pa kupunguza, hulowesha panaponyonya maji upesi, hurudi nyuma akaangalia uzi na timazi. Macho na mkono wake vinafanya hesabu ambayo mashine za leo bado hazijaiweza kwa bei ambayo mwananchi wa Heru Juu angeweza kuilipa.

Wengi huishia hapo wakaridhika. Husema kwamba mashine ni ghali na fundi ni rahisi, kwa hiyo fundi yuko salama. Lakini kinga hiyo ni kinga ya unyonge. Kusema kwamba mtu hatapokonywa kazi kwa sababu ujira wake ni mdogo kuliko bei ya mashine ni kusema kwamba usalama wake utadumu maadamu anadumu katika umaskini. Hakuna mwalimu anayeweza kumpa mwanafunzi wake ushauri wa namna hiyo akajiona ametimiza wajibu. Zaidi ya hayo, wanaofikiri hivyo wanaulinda mlango ambao adui hatapitia.

Historia ya Buha yenyewe inatoa fundisho. Tangu enzi za ukoloni, maelfu ya vijana wa Kasulu na Kibondo waliacha vilima vyao kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika lao la kuandikisha wafanyakazi, lililojulikana kwa jina la SILABU, na nchi ya Waha ikawa mojawapo ya visima vyake vikubwa. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka na kuongoza duniani. Miaka 20 baadaye kiasi hicho kilikuwa kimeshuka hadi chini ya tani 50,000. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo iliyo kubwa ni kwamba viwanda vya ng'ambo vilianza kutengeneza kamba na magunia kwa nyuzi za plastiki, na bei ya mkonge ikaporomoka.

Jambo la kuzingatia ni hili: hakuna mashine iliyokwenda Tanga kumpokonya manamba kisu chake. Aliyevumbua nyuzi za plastiki hakuwa amemfikiria mkata mkonge hata kidogo. Kazi haikuchukuliwa, haja ya kazi ndiyo iliyokwisha. Mkata mkonge aliyekuwa hodari kuliko wote alipoteza riziki sawasawa na yule aliyekuwa mvivu.

Ndivyo ilivyo hatari inayomkabili fundi wa lipu. Hatari hiyo si mashine inayopiga lipu. Ni ukuta usiohitaji lipu.

Marekani ilipitia hali hiyo kabla roboti halijafikiriwa. Katika miaka ya 1910 kampuni ya United States Gypsum ilianza kuuza mbao za jipsamu zilizofunikwa kwa karatasi. Lipu ya kienyeji ilitaka tabaka mbili au tatu, na kila tabaka lilihitaji muda wa kukauka. Ubao uligongomewa siku moja na kazi ikaisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nyumba zilipohitajika kwa wingi na kwa haraka, ubao ulishinda. Mafundi wa lipu hawakwisha, lakini walipungua sana, na waliobaki walikuwa wale waliojua kutengeneza majengo ya zamani na kazi za nakshi ambazo ubao haukuziweza.

Mabadiliko hayo yanakuja Kigoma kwa njia zake. Kwa muda mrefu nyanda hizi zilikuwa mbali na kila kitu. Saruji ilifika kwa reli hadi Kigoma na kwa barabara za vumbi. Umeme wa miji yake ulitoka katika mitambo ya dizeli. Katika miaka ya 2020 gridi ya Taifa imefika mkoani, na barabara ya kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu imejengwa kwa lami. Lori linaloleta saruji huweza pia kuleta mbao za jipsamu, vigae, na ndoo za unga wa kulainishia kuta uliochanganywa kiwandani.

Muhimu kuliko hayo yote ni matofali ya kufungamana, ambayo mafundi huyaita intaloki. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyaeneza kwa miaka mingi. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa katika mashine ya mkono au ya injini, kisha tofali huachwa kivulini likimwagiliwa maji hadi likomae. Halichomwi. Hupangwa bila udongo wa kuunganishia, kwa kuwa lina meno yanayoshikana na lenzake, na uso wake ni laini kiasi kwamba wengi huuacha bila lipu. Katika nchi ambayo tanuri za matofali zimekula miti ya vilima vingi, hakuna mpenda maendeleo anayeweza kuyapinga matofali hayo. Lakini hapana budi kusema wazi kwamba kila ukuta wa namna hiyo unaosimama ni ukuta mmoja uliomponyoka fundi wa lipu.

Je, basi kazi hiyo haina mustakabali? La hasha. Ieleweke kwanza kwamba lipu yenyewe si kazi ya asili katika Buha. Heru Juu, makao ya Mwami wa Heru, mahali alipotawala Mwami Theresa Ntare kabla ya Uhuru, palijulikana kwa nyumba za msonge za miti na nyasi zilizoshuka kutoka kileleni hadi chini. Nyumba hizo hazikuwa na ukuta wa kupigwa lipu. Baada ya watu kuhamishiwa vijijini katika operesheni iliyoanza mkoani Kigoma mwaka 1972, nyumba za pembe nne za matofali mabichi zilienea. Baadaye yakaja matofali ya kuchoma, mabati na saruji. Fundi wa lipu wa Heru Juu ni mtoto wa mabadiliko. Kilichozaliwa na mabadiliko hakina haja ya kuuawa nayo, ili mradi kifundishwe kutembea.

Wala haja ya nyumba haijapungua. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika Mkoa wa Kigoma, kutoka watu 2,127,930 mwaka 2012. Watu hao wanahitaji nyumba, shule, zahanati na maghala. Nyumba nyingi zilizokwisha kujengwa ni za matofali mabichi au ya kuchoma, na mvua za vilima hivyo hazina huruma kwa mguu wa ukuta. Kazi ya kukarabati, kuzuia unyevu, kujenga matangi ya maji ya mvua na kusakafu itakuwapo kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo kazi ambayo roboti litachelewa kuijua kuliko nyingine zote.

Lakini kazi hiyo inataka fundi kamili, si mrusha udongo. Tofauti baina ya hao wawili inaweza kupimwa kwa hesabu ya darasa la saba. Chumba cha darasa chenye urefu wa mita 9, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3 kina ukuta wa ndani wenye eneo la mita za mraba 96, bila kutoa madirisha na milango. Ukuta ukiwa umenyooka, lipu ya unene wa milimita 15 itachukua udongo usiofika mita moja na nusu za ujazo. Ukuta ukiwa umepinda, na wastani wa unene ukafika milimita 25, udongo utakaohitajika ni mita 2.4 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tano, tofauti hiyo ni kama mifuko sita ya saruji kwa chumba kimoja, tena upande wa ndani tu. Kwa muda mrefu lipu imekuwa ikificha makosa ya mwashi, na wananchi wamekuwa wakiilipia maficho hayo.

Kuna maarifa mengine ambayo hayaonekani siku ya kukabidhi jengo. Saruji haigandi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Lipu inayopigwa juu ya ukuta mkavu wenye kiu, au isiyomwagiliwa siku kadhaa baada ya kupigwa, hupoteza maji kabla hayajafanya kazi yake. Hupasuka kama kiraka cha tope, na ikigongwa kwa kidole hulia kama debe tupu. Lipu yenye saruji nyingi kupita kiasi juu ya tofali bichi hujitenga na ukuta, kwa kuwa moja ni gumu na jingine hutanuka na kusinyaa. Fundi anayeyajua hayo na kuyatenda anafanya sayansi, hata kama hakupata kuingia katika maabara.

Hapo ndipo wajibu wa watumishi na walimu unapoanza, kwa maana wao ndio wenye kazi kubwa za ujenzi wilayani. Mwaka 2021 Serikali ilitenga fedha za kujenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, kutokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Majengo mengi ya umma hujengwa kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa mahali, chini ya kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi, ambazo walimu ni wajumbe wake. Mwalimu mkuu anayehimizwa kumaliza jengo kabla ya shule kufunguliwa huona siku za kumwagilia ukuta kuwa ni ucheleweshaji. Si ucheleweshaji, ni sehemu ya kazi iliyokwisha kulipiwa. Ratiba isiyoziacha siku hizo inamfundisha fundi kulipua, kisha ufa unapotokea lawama humwangukia yeye peke yake.

Ipo pia mashine moja iliyokwisha kufika Heru Juu bila kishindo. Mwaka 2023 mfumo wa ununuzi wa umma uitwao NeST ulianza kutumika, na zabuni zikawa zikipitia humo kwa kompyuta. Nia yake ni njema: kupunguza upendeleo na kuonyesha fedha za umma zinakokwenda. Lakini fundi aliyepiga lipu nusu ya majengo ya kata yake, asiyekuwa na namba ya mlipa kodi wala anwani ya barua pepe, hujikuta nje ya mlango wa kazi ambayo mikono yake inaijua. Kabla roboti halijamgusa, fomu imekwisha kumshinda. Ofisa wa halmashauri anayemsaidia fundi mmoja kujiandikisha amefanya kazi kubwa kuliko anayehutubia vijana mia juu ya kujiajiri.

Hatua nyingine ziko katika uwezo wa wilaya bila kungoja mfadhili. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inao utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi mwenye miaka 20 kazini anaweza kupimwa na kupewa cheti bila kurudishwa kwenye dawati. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, viko Kasulu na Kibondo, na ndipo mahali pa kumfunza mpiga lipu kupanga matofali ya kufungamana, kufunga dari za jipsamu, kusoma ramani na kukadiria vifaa. Tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza katika shule za sekondari kwa mtaala mpya. Vituo vya ufundi vya baada ya elimu ya msingi, vilivyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa nia kama hiyo, vilidhoofika kwa kukosa zana na walimu. Kosa hilo lisirudiwe. Mwanafunzi wa ujenzi asiyeshika mwiko mpaka siku ya mtihani hajafundishwa ujenzi. Kila darasa linalojengwa wilayani na liwe pia darasa la kujifunzia ujenzi, wanafunzi wawili au watatu wakiwekwa chini ya fundi anayelipwa kwa kuwafundisha. Wasichana wasisahauliwe, maana mara nyingi mwanamke huonekana kwenye ujenzi akibeba maji na mchanga tu, kana kwamba timazi humkataa.

La mwisho ni suala la umiliki. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha vijana mafundi kinachokopa kununua mashine ya kufyatulia matofali ya kufungamana hakitakuwa na sababu ya kuiogopa mashine hiyo. Mashine ile ile ikinunuliwa na tajiri mmoja wa mjini, mafundi wa Heru Juu watakuwa vibarua wake. Chuma hakina rafiki wala adui. Humtumikia mwenye nacho.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, na ndivyo ilivyo, lakini ujuzi usiolishwa hudhoofika. Kijana akifundishwa lipu peke yake, amefundishwa nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo inayopungua. Akifundishwa ukuta mzima, tangu msingi hadi dari, pamoja na hesabu yake na karatasi zake, atakuwa na kazi muda wote ambao watu wa Buha watahitaji kulala mahali pasipovuja. Afundishwe lipi kati ya hayo mawili si jambo la kuamuliwa California wala Oxford. Linaamuliwa na kamati ya shule, ofisi ya mtendaji wa kata na bajeti ya halmashauri. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu bado ni mdogo.